Kipaza Sauti Kilichomeza Neno

Nyumbani kwao Chiriku, mama ndiye aliyeamka wa kwanza na kuwasha jiko. Chiriku aliamka wa pili na kuwasha mdomo. Alisimulia ndoto zake huku akipiga mswaki, akauliza maswali huku akifunga kamba za viatu, na chai ilipokuwa inamiminwa, yeye alikuwa ameshafika katikati ya habari nyingine kabisa. Babu yake, aliyelala chumba cha mbele na kusikia yote, ndiye aliyempa jina hilo la ndege asiyenyamaza. Jina lake halisi liliitwa shuleni tu, tena wakati wa mahudhurio.

"Mke wangu," babu aliita asubuhi hiyo kutoka kitandani, "ulimi hauna mfupa, lakini nao huchoka."

"Wangu haujachoka, babu."

"Najua. Yamechoka masikio yangu."

Mama alicheka. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa, na watu wote walimwita Sista, hata waliomzidi umri. Alivaa sare yake nyeupe, akamkumbusha Chiriku kufunika mtungi wa maji, akatoka.

Chiriku alisoma darasa la saba. Ulimi wake, uliowachosha watu wa nyumbani, shuleni ulikuwa na kazi. Alikuwa mtangazaji wa klabu ya redio. Kila Jumamosi asubuhi redio ndogo ya mtaa iliwapa wanafunzi nafasi ya kurusha kipindi chao, nao walikirekodi katikati ya wiki, jioni baada ya masomo, katika stoo ya zamani ya madawati. Mwenzake alikuwa msichana wa darasa lake aliyeitwa Kimya, kwa sababu alisema mara chache na alipumzika sana baada ya kusema. Kimya ndiye aliyevaa hedifoni na kuangalia kinasa sauti. Wawili hao walipatana vizuri. Mmoja alipenda kusema, mwingine alipenda kusikiliza, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Tatizo lao lilikuwa kipaza sauti. Kile cha zamani kilikuwa kimechakaa, kikawa kinatoa mlio kama wa mahindi yanayokaangwa. Wazazi walikubali kuchangia kingine. Basi mwalimu wa klabu, ambaye wanafunzi walimwita Nukta akiwa hayupo kwa jinsi alivyopenda kusahihisha alama za uandishi, aliwachukua wasichana wawili hao mpaka duka la vifaa vya muziki.

Lilikuwa duka zuri. Sakafu ilikuwa na zulia, madirisha yalikuwa na mapazia mazito, na mlango ulipofungwa kelele za barabarani zilibaki nje kama wadai waliokosa mwenye nyumba. Muuza duka alisikiliza haja yao, akaweka vipaza sauti viwili juu ya meza.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha rangi ya fedha, kimesimama juu ya mguu wake mzito. Kilipochomekwa, taa ya buluu iliwaka chini yake. Cha pili kilikuwa cheusi, cha kushikwa mkononi, chenye wavu wa chuma kichwani. Kilifanana na vile wanavyotumia waimbaji wa harusini. Hakikuwa na taa.

Chiriku aliketi mbele ya kile kikubwa, akasema maneno machache, akajisikia kwenye hedifoni. Sauti ilikuwa nzito, safi, karibu kabisa, kama ya mtu mzima mwenye jambo la maana. Aliwahi kuona picha za watangazaji mashuhuri wakiwa na vipaza sauti vya namna hiyo. Akajiona yupo kwenye picha.

"Hiki, mwalimu," alisema. "Hiki hiki."

Kimya alijaribu vyote viwili. "Cheusi hakivuti mambo ya mbali," alisema.

"Ndiyo maana hakifai!" Chiriku alidakia. "Maiki isiyosikia ni ya nini?"

Mwalimu hakuamua. Alimwomba muuza duka awaazime vyote viwili mpaka Jumatatu, wakavijaribu mahali watakapovitumia. Muuza duka alikubali, ila alitoa onyo moja. "Mwalimu, kitakachorudi na mkwaruzo, kimenunuliwa."

Walipofika shuleni mwalimu alisimama katikati ya stoo, akatazama juu kwenye mabati na nje kwenye uzio. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na karakana ya mafundi vyuma, na jioni ndiyo ilikuwa saa yao ya kukata na kugonga mageti.

"Nisikilizeni," alisema. "Mtavijaribu humu humu, saa karakana inapofanya kazi. Mtu mmoja, maneno yale yale, akae karibu na kila kimoja kama maelekezo yake yanavyosema. Kisha mniletee sauti mbili bila kuniambia ipi ni ya kipi. Nitachagua kwa masikio, si kwa macho. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu."

Siku iliyofuata Kimya alikuwa na homa, hakuja shuleni. Chiriku aliachiwa kazi peke yake.

Hakuanza kwa nia mbaya. Aliingia stoo, akachomeka kile kikubwa, akasoma aya moja ya kitabu, kisha akasikiliza. Alichosikia hakikumpendeza. Sauti yake ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa katikati ya umati. Msumeno wa chuma ulilia, mabati yalivuma, watoto uwanjani walibishana kuhusu goli, na hata mbwa wa jirani alikuwa na la kusema. Kila kitu kiliingia. Akarudia, mambo yakawa yale yale.

Akakitazama kile kipaza sauti. Taa ya buluu ilikuwa inawaka vizuri tu. Akajiambia kwamba kosa halikuwa lake, wala la kifaa. Kosa lilikuwa la karakana. Kitu kizuri kama kile kilistahili nafasi ya haki.

Basi alikibeba mpaka nyumbani, pamoja na kinasa sauti. Mama alikuwa kazini, babu alikuwa bado hajaamka usingizi wake wa mchana. Chiriku aliingia chumbani kwake, akafunga dirisha, akasimamisha godoro ukutani, akajifunika blanketi yeye na kipaza sauti, akasoma ile aya. Sauti ilitoka kama ndani ya lile duka lenye zulia. Kesho yake alikichukua kile cheusi, akakipeleka stoo jioni karakana ikiwa moto, akakiweka mbali juu ya dawati na kusoma ile aya akiwa amesimama. Sauti ilitoka hafifu, kama ya mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

Jumatatu alimpelekea mwalimu sauti mbili bila kusema ipi ni ya kipi, kama alivyoagizwa.

Mwalimu Nukta alifumba macho, akasikiliza zote mbili, kisha akafumbua. "Ya kwanza," alisema. "Sioni hata haja ya mjadala. Hii ya pili ni ya maiki ipi?"

"Ile nyeusi, mwalimu."

"Basi nimekosea mimi. Nilidhani nyeusi ingetufaa zaidi. Umefanya kazi nzuri."

Sifa hiyo ilimkaa Chiriku vibaya kidogo, kama kiatu chenye mchanga, lakini kiatu chenye mchanga bado kinavalika.

Kimya alipopona naye alisikiliza. Alirudia sauti ya kwanza mara kadhaa, amekunja uso.

"Hii mbona haina mabati?" aliuliza.

"Maiki nzuri inachuja."

Kimya alimtazama. Alionekana kama mwenye neno la kuongeza, kisha akaliacha.

Kikanunuliwa kile kikubwa. Klabu ilipigwa picha nacho, Chiriku akiwa mbele. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vya hadithi na michezo ya maneno, na wasikilizaji walisema kwamba redio ya watoto siku hizi ina kelele kama sokoni. Mwalimu naye alilalamika, lakini Chiriku alimwambia mafundi walikuwa na kazi nyingi wiki hizo, na kweli walikuwa nazo.

Kisha zahanati ikaomba nafasi. Mtaa ulikuwa na visima viwili, cha juu karibu na shule na cha chini karibu na bonde. Maji ya kisima cha chini yalikuwa yamepimwa na kukutwa na uchafu wa choo. Sista aliteuliwa kuja kuwaambia watu kupitia kipindi cha wanafunzi, kwa kuwa kilisikilizwa karibu kila nyumba yenye mtoto.

Mama alifika akitokea zamu, akiwa na haraka ya kurudi. Mwalimu alikuwa ameitwa kwenye kikao cha walimu, akawaachia kazi wasichana. Mama aliketi mbele ya taa ya buluu, akamtazama binti yake kwa fahari, akasema alichokuja kusema:

"Kisima cha juu kimepimwa, hakina neno. Maji ya kisima cha chini msinywe kwa sasa, mpaka tutakapowatangazia."

Aliendelea kueleza dalili za kuangalia, na jinsi ya kuosha vyombo na mikono. Muda wote huo fundi mmoja ng'ambo ya uzio alikuwa ananyoosha bamba la chuma kwa nyundo. Kimya aliinua mkono wasimame. Chiriku alimwashiria mama aendelee.

Mama alipoondoka, Kimya alivua hedifoni.

"Turudie," alisema. "Pale kwenye 'msinywe', nyundo imemeza 'si'."

Chiriku alivaa hedifoni, akasikiliza. "Mbona naisikia? M-si-nywe."

"Unaisikia kwa sababu unaijua."

"Kimya, mama ameshaenda. Wagonjwa wanamngoja. Tumfuate tumwambie nini, kwamba maiki yetu mpya imeshindwa na nyundo?"

Chiriku alitoa kadi ya kumbukumbu kwenye kinasa sauti, akaipeleka mwenyewe redioni. Jumamosi asubuhi mtangazaji wa zamu alikirusha kipindi kama kilivyokuja. Mama alikuwa kazini siku hiyo, pia siku iliyofuata.

Jumatatu baada ya masomo Chiriku alimpelekea mama chakula zahanati. Benchi la nje lilijaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa saa ile. Ndani ya chumba cha mapumziko, juu ya kitanda kimoja, walilala watoto mapacha wa jirani yao, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, kila mmoja akiwa na dripu mkononi. Midomo yao ilikuwa imekauka. Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa amesimama mbele ya Sista, na sauti yake ilisikika mpaka dirisha la dawa.

"Wanangu wameharisha tangu jana! Na wewe unaniuliza nilichota wapi? Nilichota ulikosema!"

"Mama Pacha, mimi nilisema msinywe."

"Ulisema mnywe! Nilikuwa nafua, redio iko hapa, masikio yangu yako hapa. 'Maji ya kisima cha chini mnywe kwa sasa.' Nikasema, haya, Sista ametuonea huruma, kile cha juu foleni yake ni ndefu."

Daktari alikuwa amesogea mlangoni. "Sista, hata hawa wa kwenye benchi wanasema hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba tofauti, maneno yale yale."

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Chiriku hakuwahi kumwona akiketi akiwa kazini.

"Labda niliteleza ulimi," mama alisema polepole. "Nilikuwa na haraka. Sijui. Inawezekana nilisema hivyo kweli."

Chiriku alisimama na bakuli lake la chakula. Angeweza kunyamaza. Mama alikuwa tayari kuubeba mzigo ule, na hakuna aliyekuwa akimtazama Chiriku. Mmoja wa wale mapacha alijigeuza, akalalamika sindano inamuuma.

"Hukuteleza, mama," Chiriku alisema.

Wote wakageuka.

"Ulisema msinywe. Kelele za karakana zilifunika. Kimya aliniambia turudie, nikakataa." Sehemu iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaijua. "Na ile maiki, sikuijaribu kama mwalimu alivyosema. Nilijua inavuta kelele zote. Nikairekodi chumbani, ndani ya blanketi, ili ishinde."

Mama Pacha alifungua mdomo, akamtazama Sista, akaufunga.

Mama alisimama. Hakupiga kelele, na Chiriku aliona heri angepiga.

"Hayo ya blanketi tutayazungumza nyumbani," alisema. "Sasa hivi kuna watu wapo njiani na ndoo. Weka chakula hapo. Mchukue Kimya, mpite nyumba zote za upande wa chini, mlango kwa mlango. Mwambie kila mtu asinywe maji yale, aliyekunywa na kuumwa aje hapa leo hii. Na uwaambie kwa nini redio ilisema vile. Usimsingizie mtu."

Daktari alimtuma mhudumu na kamba kwenda kukifunga kisima.

Wasichana walizunguka mpaka jua likawa chini ya mapaa. "Hodi!" Chiriku aliita kwenye kila mlango. "Shikamoo. Mimi ni mtoto wa Sista. Maji ya kisima cha chini hayafai. Redio ilikosea, na kosa ni langu." Kwenye milango ya mwanzo aliyasema maneno hayo haraka, yakigongana. Watu hawakuelewa, wakamtaka arudie, ikabidi ayaseme polepole, na polepole yaliuma zaidi. Mwanamke mmoja alimwaga ndoo nzima uani, akabaki anaitazama ile ndoo tupu. Mzee mmoja mwenye fimbo aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mjukuu, nimwamini yupi? Chiriku wa redioni au Chiriku wa mlangoni?"

"Huyu wa mlangoni, babu."

"Na kesho akija wa tatu?"

Kimya ndiye aliyejibu. "Akija wa tatu, babu, nitakuwa naye."

Mzee alicheka, akawapa maji ya kunywa, akaapa kwamba ni ya kisima cha juu.

Mwalimu Nukta alipewa habari zote kesho yake, kwa mdomo wa Chiriku mwenyewe. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu yake nyekundu. Alipomaliza kusikiliza alisema jambo moja tu: "Nami sikukagua. Niliona kazi safi, sikuuliza ilisafishwa wapi." Kisha akaenda redioni, akarudi na fundi mitambo, mwanamke mrefu aliyevaa suruali yenye mifuko mingi na nyaya zikichungulia kutoka karibu kila mfuko.

Muuza duka alikuwa amewaazima kile cheusi kwa mara ya pili. Fundi aliviweka vyote viwili juu ya dawati, karakana ikiwa inanguruma, akamwambia Chiriku asome maneno yale yale mbele ya kila kimoja. Kwa kile cheusi alimsogeza mpaka mdomo ukakaribia wavu, umbali wa upana wa kiganja.

"Usikielekee moja kwa moja, kaa upande kidogo. Ukitamka 'p' usikipulizie kama unazima mshumaa. Haya."

Wanaklabu walifumba macho, wakasikilizishwa. Cheusi kilitoa sauti ya Chiriku, na nyuma yake, mbali, kitu kama mvua nyepesi. Hiyo ndiyo ilikuwa karakana. Kikubwa kilitoa karakana, na ndani yake Chiriku.

"Kwa hiyo hiki kikubwa ni kibovu, dada?" mtoto mmoja aliuliza.

"Si kibovu hata kidogo. Sisi kule studio tunacho cha namna hii, lakini kuta zetu zimevishwa nguo. Hiki kina masikio ya sungura, kinasikia mpaka jani likianguka. Hiki cheusi ni kama babu mwenye masikio mazito. Asiyemsogelea hasikiki. Watu huniuliza, fundi, maiki gani ni nzuri? Nami huwauliza, chumba chenu kikoje? Asiyeweza kunijibu hajafikia wakati wa kununua."

Walitundika blanketi kuukuu kwenye ukuta wa upande wa karakana, wakabandika trei tupu za mayai mahali mabati yalipokutana na ukuta. Mwalimu alikirudisha kile kikubwa dukani. Muuza duka alinung'unika, akakizungusha mara mbili mkononi akitafuta mkwaruzo, asiupate, akakubali kubadilishana.

Sista alikuja kurekodi tena. Safari hii alikuwa ameyafikiria maneno yake. "Neno la kuokoa watu halifai kuning'inia kwenye silabi moja," alisema, kisha akasogelea kipaza sauti. "Kisima cha chini, hapana. Nasema hapana. Maji yake ni machafu, yanaleta ugonjwa. Choteni kisima cha juu peke yake."

Waliporidhika, fundi alikataa kuichukua ile kadi. "Ninyi wote mlikuwepo, masikio yenu ni mashahidi waliopangwa. Nileteeni mtu asiyejua kilichosemwa."

Akaitwa mlinzi wa lango. Alivaa hedifoni, akafumba macho kwa bidii mpaka uso wote ukajikunja, akasikiliza. "Anasema kisima cha chini hapana, machafu, twende cha juu," alisema. Akaongeza, "Na mlango wa stoo unalia. Utiwe mafuta."

Kipindi kilirushwa Jumamosi, na kabla yake mwalimu alisoma maelezo mafupi ya kosa lililotokea, bila kumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Upande wote wa chini ulishamjua. Chiriku hakutangaza muhula ule. Mwalimu alimpa hedifoni, na Kimya akapewa kipaza sauti. Kimya alitetemeka vipindi viwili vya kwanza, akaanza kuzoea cha tatu, na ikabainika kwamba wasikilizaji wanapenda mtangazaji anayewaachia nafasi ya kufikiri. Chiriku alijifunza kusikia bomba linalovuja, kiti kinacholia, mtu anayevuta pumzi kabla ya kudanganya umri wake.

Mapacha walirudi nyumbani wakiwa wamekonda, wakaanza kupigana siku hiyo hiyo, dalili kwamba wamepona. Mama Pacha alimwomba radhi Sista, Sista naye akamwomba radhi yeye. Kisima cha chini kilisafishwa, kikatiwa dawa na kupimwa upya kabla ya kamba kuondolewa.

Jumapili moja mama na Chiriku walikuwa uani wanafua. Yale ya blanketi yalikuwa bado hayajazungumzwa. Mama alikamua sare yake, akaitundika, kisha akauliza bila kugeuka:

"Siku ile ulipokuwa unajaribu vile vipaza sauti, ulitaka kujua kipi ni bora, au ulitaka chako kishinde?"

Chiriku alifikiri. "Nilitaka kishinde."

"Zahanati tunapima damu ya watu kila siku. Hakuna anayekuja akitaka kukutwa na ugonjwa. Lakini nikimpa kila mtu jibu analolipenda, nitakuwa nimewapendeza wote na kuwazika nusu yao." Mama alichukua shati jingine kwenye beseni. "Mwanangu, kupenda kitu si kosa. Lakini ukishachukua kipimo mkononi, kubali kwanza moyoni kwamba unachokipenda kinaweza kushindwa. Usipokubali hilo, hupimi. Unatafuta shahidi wa uongo."

Akamrushia ncha moja ya shuka, Chiriku akaidaka, wakaanza kulikamua pamoja, kila mmoja akizungusha upande wake.